Pumzi Arobaini

Baba haangalii maji. Huyasikiliza.
Dakika ishirini kila kituo,
kafi limelala mapajani, kofia imefunika macho,
nami nyuma yake na daftari la shule
ambalo kurasa zake za mwanzo ni hesabu za mdogo wangu Jucinei,
nyingi zimekosewa.

Piraruku ni samaki mwenye deni la hewa.
Hata awe mrefu kumshinda mwanamume,
hata ajifiche chini ya magugu yaelea,
hana budi kupanda juu kulilipa.
Hapo ndipo babu zetu walipomsubiri na chusa,
na wajomba, na mashua za barafu kutoka mjini,
hadi mwaka niliozaliwa mimi
Ziwa Itaúba likakaa kimya kutwa.
Mama asema kimya kile kilikuwa na harufu.

Siku hizi tunamngoja na penseli.

“Mkubwa,” asema Baba. Nachora kijiti.
Mimi nimesikia *bu* tu,
kama mlango wa jirani unaofungwa taratibu.
Yeye kasikia urefu, kasikia unene wa shingo,
kasikia anakoelekea.
“Mdogo huyo. Hajafika mita na nusu.”
Wadogo wana safu yao, na hakuna awagusaye.

Katika kila wakubwa mia, tunaruhusiwa thelathini,
na ni Novemba tu, maji yakiwa yamejikunja.
Waliobaki hatuwaiti akiba.
Akiba ni kitu kilichokuwa chako tangu awali.

Usiku tunalinda kwa zamu, kwenye kibanda kinachoelea,
mbu wakitukusanyia kodi.
Mwezi uliopita tochi yangu ilimmulika Erivaldo,
mtoto wa shangazi, tuliyelala naye hamaki moja utotoni,
nyavu za matundu madogo zimejikunyata miguuni pake.
Hatukujua nani ainamishe macho kwanza.
Nilimwandika.
Shangazi hajaniletea unga wa muhogo tangu siku hiyo.

Basi mnielewe nikisema nilikuwa nimechoka
kuwa mwaminifu bure.
Injini tuliikopa kwa mchuuzi wa mashua,
na yule haandiki kwa penseli.
Nimekwisha kupiga hesabu, na mimi sikosei kama Jucinei:
wakubwa arobaini ni samaki kumi na wawili wa kuvua.
Kumi na mmoja ni wa chumvi, sabuni, viatu, dawa ya Mama.
Wa kumi na mbili ni injini.

Jua lilipogusa vichwa vya miti, vijiti vilikuwa thelathini na tisa.
Nikangoja.
Mamba mmoja alitutazama akaghairi.
Kisha *bu*, karibu sana, maji yakaturukia.
Nikachora cha arobaini, nikakikoleza,
nikaona injini yote ndani ya kile kijiti, na rangi yake nyekundu.

Baba akakohoa.
“Kifute hicho.”
“Alikuwa mkubwa, Baba. Nimemwona kwa macho yangu.”
“Mkubwa, ndiyo. Ni yule wa asubuhi,
wa pua iliyochanika. Huvuta pumzi kwa mluzi.
Tumeshamhesabu.”

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.
Hawakusema lolote juu ya daftari lenyewe,
jinsi linavyoweza kukaa mapajani mwako limefunguka,
halina mlinzi, halina tochi,
na mzee mbele yako kakupa kisogo
kwa makusudi.

Angeweza kugeuka. Hakugeuka.
Alisafisha kafi kwa kiganja, muda mrefu kuliko lilivyochafuka.

Kifutio cha Jucinei kilikuwa kigumu, kikatoboa karatasi.
Penye arobaini pana tundu hadi leo;
ukiinua ukurasa, mwanga unapita.

Petroli hatukuwa nayo. Tulirudi kwa kafi,
Baba mbele, mimi nyuma, hakuna aliyesema neno.
Giza lilipokaza, huko nyuma yetu
jirani akafunga mlango.
Nikasikiliza vizuri.
Ulikuwa na mluzi.